Mkanda wa kuvutia gari wa tani 5: uzoefu wangu njia ya Sikonge

Mkanda huu nimeutumia kwenye shida yenyewe, gari limezima porini, si kwa kuujaribu uani. Ni wa polista, rangi ya chungwa, urefu mita 4, umeandikwa tani 5. Niliununua duka la spea Tabora mjini kwa shilingi 35,000. Unakuja na ndoano mbili za chuma na kitambaa chekundu cha kufunga katikati ili wapita njia wauone.

Hosi ya rejeta ilipasuka nikitokea Ipole. Injini ikachemka, nikazima. Pale ni miombo mitupu, ukifungua kioo kidogo tu mbung'o wameshaingia. Akasimama mzee mmoja na Land Cruiser pikapu, nyuma kajaza madumu ya asali. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla hata hajaushika mkanda akauliza: "La manyuo au la oto, mwanangu?" Nikamwambia la oto, linaendeshwa na tairi za mbele. "Basi tunaishia Sikonge, tena polepole. Tabora utalipakia."

Hilo dukani huambiwi, na ndilo kubwa kuliko yote. Giaboksi ya oto, ile inayobadili gia yenyewe, inapata mafuta kwa pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezima na tairi zinazunguka, vyuma vya ndani vinasuguana bila mafuta ya kutosha. Ndiyo maana kitabu cha gari huweka kikomo cha mwendo na umbali wa kuvutwa, na magari mengine hukatazwa kabisa. Kitabu chako kikikataza, usibishane nacho, tafuta gari la kulipakia. Fowili ya kudumu, yaani gari linaloendeshwa na tairi zote nne muda wote, ipakiwe tairi zote nne zikiwa juu.

Kufunga kulikuwa rahisi. Pete ya kuvutia ilikuwa kwenye buti pamoja na jeki. Unabandua kifuniko kidogo kwenye bampa kwa bisibisi, unaiingiza, unaikaza kwa spana ya tairi mpaka igome. Usifunge kwenye bampa wala kwenye vyuma vya miguu ya gari, utang'oa kitu.

Lawama yangu ni ndoano. Hazina kifungio, kwa hiyo mkanda ukilegea kidogo zinachomoka. Na mkanda ukikatika ukiwa umekaza, chuma kile kinaruka kama jiwe la manati. Mzee alizitoa zote mbili, akaweka pete zake za U zenye pini ya kukaza, akapitisha kwenye vitanzi vilivyoshonwa ncha za mkanda. Akatandika gunia zito juu ya mkanda, katikati, ili ukikatika uanguke chini. Vitanzi havikuachia hata uzi.

Anayevutwa ana kazi kubwa kuliko anayevuta. Ufunguo ubaki umewashwa, la sivyo steling itajifunga. Gia iwe nyutro, hazadi ziwake. Injini ikiwa imezima, busta ya breki, inayosaidia mguu kukanyaga, inaisha nguvu baada ya kukanyaga mara moja au mbili, halafu pedali inakuwa ngumu kama ukuta na inabidi ukanyage kwa mguu mzima. Steling nayo inakuwa nzito. Mzee alinielekeza niguse breki kidogo kidogo kwenye mteremko, mkanda usilegee, maana ukilegea halafu ukakaza ghafla ndipo unapokatika. Tulikubaliana pia: nikipiga honi mara mbili, anasimama.

Tulifika gereji Sikonge salama, kesho yake gari likapanda Kanta hadi Tabora.

Nyota nne kati ya tano. Kwa gari dogo la tani moja na kitu, tani 5 zinatosha kabisa. Mwenye gari zito au lenye mzigo achukue mkubwa zaidi. Ndoano nimezitoa, nimenunua pete zangu za pini zilizochorwa uzito zinaobeba. Kama unautafuta kwa ajili ya kunasua gari kwenye tope la masika, usinunue huu. Polista hainyumbuki sana, mshtuko wote unaishia kwenye pete na chesisi. Kunasua kuna kamba yake ya nailoni inayovutika.