Boksi la vifaa vya useremala kwa anayeanza nyumbani: nimelifungua, tulipime

Haya wadau karibuni, leo mezani nina hili boksi la useremala, lile wanalosema lina kila kitu cha kuanzia nyumbani. Ndani kuna msumeno, patasi tatu, randa ndogo, skwea (kile cha kupimia kona ya digrii 90), nyundo, msasa na ile penseli bapa ya fundi. Jina la kampuni silitaji, haya maboksi yanafanana mno, ukibandua stika ni yaleyale.

Tuanze na skwea maana hapa ndo wengi wanapigwa bila kujua. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, egemeza skwea, piga mstari, afu igeuze iangalie upande wa pili na upige mstari mwingine kuanzia palepale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Hii sasa ona, chini imeanza pamoja, huku juu imeachana kama milimita moja, na hiyo njia inaonyesha kosa mara mbili kwa hiyo skwea yenyewe imepotea nusu milimita. Utasema nusu milimita ni nini bana, ila tengeneza kaboksi ka kona nne, kila kona ichangie nusu yake, ile ya mwisho haifungi na utaanza kulaumu gundi.

Msumeno ni wa kusukuma, unakata ukienda mbele. Sio mbaya, ila bledi yake ni nyembamba na ukisukuma kwa pupa inapinda. Kwa anayeanza mimi naona bora ule wa Kijapani wa kuvuta, yani unakata unapouvuta kuja kwako, bledi inajinyoosha yenyewe na ndo maana wanaweza kuifanya nyembamba na isipinde. Ule unaoitwa ryoba una meno pande mbili, upande mmoja wa kupasua ubao kwa urefu, mwingine wa kukata kwa upana. Hasara yake ni kwamba mingi hainoleki, meno yakiisha unabadili bledi.

Patasi sasa, hapa tukae kidogo. Zimekuja na makali ya jina tu. Ngoja nisogeze kamera, umeona huu mgongo? Una mistari ya mashine kama shamba lililolimwa, na mgongo usiponyooshwa unanoa bure, maana makali ni pale mgongo na ule mteremko wa mbele vinapokutana. Hii ya milimita 12 nimeipitisha kwenye kinoo cha 1000 (hiyo ni namba ya chembe zake, ikipanda kinoo ni laini zaidi), mgongo kwanza, sentimita mbili tatu za mwisho tu sio wote, afu mteremko kwa digrii 25, nikaja kumalizia kwenye kinoo cha 6000 nikiwa nimeinua kidogo ifike kama 30. Ukiwa unanoa papasa upande wa mgongo, utasikia kachuma kembamba kamejikunja pale kwenye ncha, kakiwepo upana wote ndo ujue umefika, kabla ya hapo endelea tu.

Jaribio ni hili: kichwa cha ubao wa paini, pale kwenye ncha sio ubavuni. Hii ambayo sijainoa inapondaponda, ona inavyong'oa vipande na kuacha vishimo. Hii niliyonoa inatoa ganda jembamba zima na inaacha uso laini unaong'aa. Kiukweli chuma chake ni kizuri kuliko nilivyotegemea.

Sasa swali, kinoo kiko wapi? Hakimo. Klampu je? Hakuna hata moja! Bila klampu mkono mmoja unashika ubao, mwingine unasukuma patasi, ikiteleza inaishia kwenye vidole, na gundi nayo inataka kubanwa nusu saa mpaka saa nzima na kukaa masaa 24 kabla hujaweka mzigo. Afu wameweka msasa bila barakoa, wakati vumbi la mbao IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, lililiweka kundi la 1 la visababishi vya saratani tangu 1995. Hapo sijaelewa kabisa.

Nyundo ni nyundo. Usiigongee tu patasi yenye mpini wa mbao, kwa hiyo tafuta nyundo ya mbao.

Randa sina mengi, bledi inacheza hata ukikaza skrubu mpaka mwisho, we nunua mbao ambazo zimeshapigwa randa kwa mashine mpaka upate randa ya maana.

Kwa hiyo mimi boksi silinunui. Pesa hiyo chukua patasi mbili, ya milimita 12 na ya milimita 25, msumeno wa kuvuta, kinoo, klampu mbili, barakoa, na skwea uipime hapohapo dukani kabla hujalipa, muuzaji akinuna mwache anune. Kama umeshalinunua basi zinoe hizo patasi uendelee nazo, vingine utabadilisha kimoja kimoja, anza na skwea.