Miezi sita ya TB Newala: dawa tulipewa bure, chakula na nauli tulihangaika

Mume wangu alimaliza dozi ya kifua kikuu Desemba iliyopita. Naandika hasa kuhusu msaada kwa familia, kwa sababu wakati nahangaika sikupata mtu wa kunieleza nianzie mlango upi.

Sisi ni wakulima wa korosho, Newala vijijini, mkoani Mtwara. Kikohozi kilimwanza kipindi cha kupuliza mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, tukasema ni vumbi tu, wapulizaji wengi hukohoa. Likaja jasho la usiku la kulowesha shuka, na suruali akawa anaifunga kwa kamba. Aliyetusukuma ni mhudumu wa afya wa kijiji: "Mama, kikohozi kimepita wiki mbili, mpeleke akatoe makohozi."

Upande wa matibabu sina lawama. Kipimo cha makohozi hatukulipia, dawa hatukulipia: miezi miwili ya vidonge vyenye dawa nne ndani yake, kisha miezi minne ya vyenye dawa mbili. Mtoto wetu wa miaka mitatu alichunguzwa, akaanzishiwa dawa ya kinga. Muuguzi alinifanya mimi kuwa msimamizi, nimwangalie akimeza kila siku na kutia alama kwenye kadi. Aliniambia mapema kwamba mkojo utakuwa na rangi ya machungwa nisije nikashtuka, na kwamba hakuna haja ya kumtengea sahani wala kikombe, maana ugonjwa huu unapita kwenye hewa, nifungue madirisha. Maneno hayo yalinisaidia sana majirani walipoanza kukwepa kibaraza chetu.

Shida ilikuwa nyumbani. Mtafutaji amelala, na kwetu ikifika Julai hela ya korosho za msimu uliopita imeshakwisha, huku mnada ni mpaka Oktoba. Hata maji huku juu tunanunua kwa ndoo.

Asubuhi moja, wiki ya tatu ya dawa, nilimpa vidonge vyake vitatu na chai ya rangi. Alivishika kiganjani muda mrefu. "Mama watoto," akasema, "hivi vinanikoroga tumbo. Jana nimetapika vyote. Nitafutie kwanza cha kutia tumboni." Kwenye sufuria kulikuwa na ming'oko kidogo, mizizi ya porini, niliyoichemsha kwa ajili ya watoto wa shule. Nikampa yeye, akala, akameza. Watoto wakaondoka na chai tupu. Nililia siku ile, na nilielewa kwa nini watu wanaacha dozi katikati, wakati kuacha ndiko kunakozaa TB sugu.

Jioni yake nikachukua hela ya kangomba, yaani mkopo wa mtaani, elfu arobaini, kwa ahadi ya kulipa korosho msimu ukifika. Zilikwisha ndani ya wiki mbili. Oktoba nilipima korosho nikampa aliyenikopesha, na mnadani zingenipa zaidi ya mara mbili ya hela ile. Naliandika hili kwa uchungu, na najua si mimi peke yangu.

Ndipo nikaanza kubisha milango. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, hatukuwemo. Ruzuku ile inafuata orodha ya kaya maskini iliyopitishwa kwenye mkutano wa kijiji, na wakati wa kuandikisha sisi tulikuwa wazima. Kadi ya TB peke yake haikuingizi kwenye orodha. Lakini mama mkwe wangu ni mlengwa, na malipo yake ya miezi miwili aliyagawa na sisi bila kuombwa. Mungu amlipe.

Ustawi wa jamii nilizungushwa. Tulikuwa tumeandikiwa picha ya kifua, nayo ilitakiwa kulipiwa. Mara ya kwanza nikaambiwa nilete barua ya mtendaji wa kijiji. Nikaileta, haikuwa na muhuri. Mara ya tatu mhusika yuko kikaoni. Safari zote hizo ni bodaboda, elfu sita kwenda na kurudi, kuomba msamaha wa malipo! Mara ya nne nilimkuta dada mmoja mpole, akasoma barua, akatazama kadi, akaandika msamaha palepale. Kazi ya dakika kumi. Naomba wanaohusika wabandike mlangoni karatasi moja tu inayosema mtu aje na nini.

Kilichotuokoa hasa ni kikundi cha watu waliopona TB, wanaochangishana wenyewe. Mama mmoja wa makamo alikuja na unga wa mahindi, dagaa na karanga za kusaga, akakaa mkekani karibu na mume wangu na kumsimulia dozi yake yeye alivyoimaliza. "Baba, mwezi wa pili njaa itakujia mpaka utaona aibu. Hiyo ndiyo kupona." Ikawa hivyohivyo. Alianza dawa ana kilo 46, akamaliza ana 55, na makohozi ya mwisho yalitoka safi. Kile chakula cha kila wiki hakikuwa kingi, ila kilikuja siku ileile bila kukosa, na vidonge havikutapikwa tena.

Kama umepewa kadi leo, usisubiri uishiwe kama mimi. Wiki hiyohiyo mwone mtendaji akuandikie barua, na uangalie muhuri kabla hujaondoka. Uliza hospitali kama dawa zinaweza kuhamishiwa zahanati ya kijijini kwako. Sisi tuliuliza mwezi wa pili tukakubaliwa, na tangu hapo nauli ilibaki ya siku za kwenda kupima makohozi tu. Muulize mhudumu wa afya kama kuna kikundi cha waliopona karibu nawe, maana hakina ofisi wala bango. Na halmashauri zetu zinazokusanya ushuru wa korosho kila msimu, naziomba zitenge fungu dogo la unga na nauli kwa kaya zenye mgonjwa, angalau ile miezi miwili ya vidonge vya dawa nne.