Ngozi yangu haijachoka: faundesheni, kikopo cheupe na duka lile la dawa

Kichupa cha faundesheni bado ninacho. Kiko juu ya kabati la nguo, kimejaa zaidi ya nusu, na kila nikikitupia jicho hasira inanipanda kana kwamba ni jana. Shilingi 28,000 si pesa ya kumfilisi mtu, lakini si ya kuokota pia. Nimekaa na jambo hili tangu kabla ya masika nikidhani litapoa. Halijapoa.

Nina miaka 57. Maisha yangu yote vipodozi vyangu vilikuwa vitatu: wanja, poda, na rangi ya mdomo ya zambarau iliyoiva. Mama yangu, mtu wa Tanga, hata hiyo poda hakuwa na haja nayo. Alisaga liwa juu ya msio kwa marashi ya mawaridi, akajipaka usiku, asubuhi akanawa, na ngozi yake ilikuwa laini mpaka tunamzika. Nami nilidhani nitafika hivyo hivyo. Hedhi ilipokoma, ngozi ikageuka. Mashavu yakakauka, pembeni mwa macho pakajichora mistari, na poda ile niliyoipaka miaka 30 ikaanza kujikusanya ndani ya mistari hiyo. Ikifika saa tano asubuhi kila mkunjo unasomeka.

Ndipo kaka yangu akatangaza sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na shangazi mkubwa ni mimi. Wanaojua sherehe zetu wanaelewa maana yake. Shangazi siku hiyo hana pa kujificha: unaingia ukumbini na mwari mkono kwa mkono, na unapigwa picha kuliko mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Nikasema nitafute faundesheni ya bei ya kawaida, ya majimaji, isiyokausha.

Nikaingia duka moja kubwa la dawa hapa Dar es Salaam, lenye rafu za vipodozi mbele na dirisha la mfamasia nyuma. Jina lake silitaji. Nilichagua duka la dawa kwa makusudi badala ya meza za Kariakoo, kwa sababu niliamini mahali panapouzwa dawa za presha hapawezi kuuzwa kitu cha kumharibu mtu.

Binti wa vipodozi hakunisalimu. Shikamoo siidai kwa nguvu, lakini nina umri wa mama yake, na kusema "karibu mama" hakumgharimu mtu hata senti. Alinyanyua macho kutoka kwenye simu akauliza, "Unataka nini?" Nikamweleza yote: ngozi kavu, mikunjo, sherehe, picha. Akatoa kichupa, akanidondoshea tone nyuma ya kiganja, akalisambaza kwa kidole. Hapo hapo ningepaswa kuondoka, maana mkono wangu na uso wangu si rangi moja, na taa za humo ndani ni zile ndefu nyeupe zinazofanya kila mtu aonekane wa maziwa. "Hii inakutoa, mama. Inakung'arisha."

Nikamwambia naona ni nyeupe kwangu, anipe namba iliyokolea zaidi. Akajibu, "Namba za weusi haziendi, hatuleti."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi. Haziendi kwa nani? Hapa ni Dar es Salaam. Toka nje, simama kituo cha daladala, hesabu nyuso. Asilimia kubwa ya tunaopita mlangoni mwao ni weusi wa kukolea, na rafu imejaa namba za watu wasiopita pale. Haziendi kwa sababu hazipo. Mtu anakuja, anakosa, anachukua iliyopo, kisha mwisho wa mwezi wanasoma daftari la mauzo na kusema mnaona, nyeupe ndizo zinazotoka.

Nami nikachukua iliyopo. Muda ulikuwa umeniishia.

Usiku wa sendofu, kwenye kioo cha nyumbani, niliona kama inafaa. Kwa kweli ilishika vizuri, haikuteleza hata kwa joto lile la ukumbini, na mikunjo haikuonekana sana. Hilo lazima niliseme. Msiba ulikuja na picha. Kila taa ya kamera ilipopiga, uso wangu ulitoka wa kijivu, na shingo ikabaki rangi yake ya kahawia. Kwenye kundi la familia la wasapu zikaingia picha zaidi ya mia, na mpwa wangu aliyeko Mwanza, ambaye hakuhudhuria, akaandika kwa nia njema kabisa: "Shangazi, siku ile ulikuwa unaumwa?"

Mwari amependeza. Mama yake amependeza. Katikati yao yumo mgonjwa. Picha hizo zimeshasafishwa, moja imewekwa kwenye fremu sebuleni kwa kaka yangu, na itakaa pale hata mimi nikiwa sipo.

Wiki iliyofuata nikarudi dukani na kichupa mkononi. Sikwenda kudai pesa, maana najua kilichofunguliwa hakirudi. Nilitaka kumwonyesha binti yule picha ili kesho asimfanyie mwanamke mwingine. Akaitazama kwenye simu yangu, akaitazama sura yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yangu:

"Tatizo siyo faundesheni, mama. Ngozi yako ndiyo imechoka."

Kijana aliyekuwa anasubiri kulipia dawa ya kikohozi akainamisha macho chini. Nilimwona. Hata yeye aliona haya kwa niaba yangu, na aliyesema hakuona. Huwezi kumwambia mtu wa miaka 57 kwamba ngozi yake imechoka. Ngozi hii imelea watoto watatu, imesimama juani miaka mingi nikigombea daladala, imepigwa na baridi ya Njombe nilipofanya kazi kule. Imefanya kazi yake. Inataka matunzo yanayolingana nayo, basi.

Halafu akanyoosha mkono kwenye rafu ya usawa wa macho, mahali pazuri kuliko pote dukani, akashusha kikopo cheupe kidogo. "Wamama wa umri wako wote wanachukua hii. Wiki mbili uzee wote unatoka, unakuwa mweupe."

Nikakigeuza. Hakuna orodha ya viambato, hakuna anwani ya mtengenezaji wala tarehe ya kuisha. Nikamuuliza kina nini ndani. "Mitishamba."

Msinidanganye na mitishamba. Mkorogo naujua. Krimu inayomng'arisha mtu mweusi ndani ya wiki mbili, isiyothubutu kuandika kilichomo, mara nyingi imebeba kimoja kati ya vitatu: zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Vyote vitatu vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Tanzania. Zebaki hupenya ngozini na kuumiza figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huleta weusi wa bluu-bluu mashavuni ambao huondoka kwa taabu, au hauondoki kabisa. Steroidi huikondesha ngozi. Hebu fikirini hilo kwa mtu wa rika letu: ngozi ambayo umri tayari unaipunguza unene, unaipaka kitu cha kuipunguza zaidi. Kuna mama jirani yangu, mtu ninayempenda, aliyepaka mkorogo tangu ujanani. Leo mishipa ya mashavu inaonekana kama mizizi, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, na akipita jikoni penye moto uso unamwaka. Alianza na kikopo kama kile, na yeye pia aliambiwa mitishamba.

Hapo ningeandika "msiende kabisa", nikafunga. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema uongo nusu, kwa sababu aliyenisaidia yuko duka hilo hilo.

Mfamasia, mzee wa makamo nyuma ya dirisha, alisikia. Nilipopita kwake kuchukua dawa yangu ya presha akaniambia taratibu, "Dada, hicho usichukue." Kisha akanieleza, na kwa mara ya kwanza mtu alinizungumzia ngozi yangu bila kuitukana. Alisema hedhi ikikoma homoni zinashuka, na katika miaka mitano ya mwanzo ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni, ile protini inayoishikilia. Mafuta nayo yanapungua. Kwa hiyo poda kavu juu ya ngozi kavu lazima ipasuke, hata ungeinunua Ulaya. Kuhusu picha, alisoma kichupa changu akasema kina titani ya kuzuia jua, na unga huo mweupe hurudisha mwanga wa kamera. Ukichanganya na namba isiyo yako, unatoka wa kijivu.

Akanipa chupa ya glisirini ya shilingi 2,500. Usiipake ngozi ikiwa kavu, akasema. Nawa, usijifute mpaka mwisho, uso ukiwa bado na unyevu weka matone mawili matatu ukiyachanganya na maji kiganjani. Glisirini huvuta maji na kuyashika, ila lazima iyakute. Usiku, juu yake, Vaseline kiasi cha punje ya harage uso mzima. Vaseline hailishi ngozi kitu, inafunga mlango maji yasitoke. Mchana, kinga ya jua namba 30, ambayo huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, na nitafute isiyoacha weupe, maana madoa yetu weusi jua ndilo linaloyakoleza.

Nimefanya hivyo kwa miezi kadhaa sasa. Mikunjo ipo, na sikutaka iondoke. Ila ngozi haivuti tena nikicheka, na ule ukavu wa mashavuni umekwisha. Vaseline, kitu ambacho Mmarekani Robert Chesebrough alikipatia hataza mwaka 1872, ambacho bibi yangu alikipaka visigino, kimenifaa kuliko kila krimu niliyowahi kuonyeshwa yenye mwanamke wa Kizungu kwenye boksi. Kwa walio na ngozi ya mafuta au chunusi sisemi lolote, hiyo si ngozi yangu.

Na kichupa je? Hapa inaniuma kukiri. Nilipata namba iliyokolea ya faundesheni ile ile kwenye meza moja Kariakoo, meza zile zile nilizozidharau, kwa mama mmoja aliyenishika mkono akanitoa nje juani na kunipaka kwenye taya, si kiganjani. Nachanganya matone mawili ya mpya na tone moja la ile ya zamani, juu ya uso wenye glisirini, napapasa kwa sponji lenye unyevu, na poda naweka puani tu. Nimekwenda nayo harusi mbili na maulidi moja. Inakaa na haipasuki. Kwa bei ile sijaona bora zaidi kwa ngozi ya utu uzima. Basi faundesheni ni nzuri. Nimeshaandika, sitafuta.

Lakini sendofu ya mwari wangu hairudiwi.

Na kadiri ninavyoandika, moyo wangu unageuka hata kwa yule mzee wa dirishani niliyekuwa namsifu. Yeye anajua. Amesomea. Alinikataza kwa sauti ya chini, mimi peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama mbele yake. Wale wasiofika dirishani, wanaoishia mbele kwa binti, nani anawanong'oneza? Kikopo kile kinauzwa hatua sita kutoka kwenye kiti chake.

Juzi glisirini iliisha nikarudi. Najua nilisema moyoni sirudi, lakini duka la karibu na kwangu wanaiuza 4,000. Binti hakuwepo, kulikuwa na mwingine, mpole, aliyenisalimu vizuri. Kikopo cheupe kilikuwa pale pale, usawa wa macho, na sasa viko viwili viwili vimefungwa kwa utepe. Nikapita nacho hadi dirishani nikakiweka mbele ya mzee. Nikamwambia, kaka, hiki mwenyewe ulinikataza, mbona bado kiko juu?

Akakitazama. Hakukigusa.

"Huko mbele si kwangu, dada," akasema, akanihesabia chenji yangu.