HathiTrust kwa wanaotafuta vyanzo vya msingi: nyota 4 kati ya 5

Wadau wa fasihi na historia, kama unatafuta vyanzo vya msingi, yaani barua, shajara, majarida ya zamani, riwaya kama ilivyochapwa mara ya kwanza, na maktaba uliyo nayo haina, jaribu HathiTrust kabla hujabadilisha mada ya utafiti. Ni maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa 2008 na vyuo vikuu vya Marekani, saivi ina vitabu zaidi ya milioni 17 vilivyoskaniwa, na kusachi ni bure hata bila akaunti.

Kinachonikosha mimi ni kwamba inasachi ndani ya kitabu, sio jina la kitabu tu. Hata chenye hakimiliki bado, hutakisoma lakini itakutajia neno lako limetokea kurasa zipi, kwa hiyo unaenda kwenye maktaba yenye nakala ukijua kabisa unataka ukurasa gani, au unamwomba mkutubi akuskanie kurasa hizo tu. Kwa mtafiti hiyo ni dhahabu aisee.

Ila ukisachi kwa maneno ya leo utasema haina kitu. Mtu anaandika "First World War" af analetewa wanahistoria waliokuja baadaye, sasa aliyekuwa anaandika barua mwaka 1916 angejuaje kama kuna vita vya pili vinakuja? Yeye aliita "Great War" au "European War", andika hivyo uone. Majina ya miji nayo vilevile, tumia tahajia za enzi hizo. Na kwenye katalogi, upande wa mada, ongezea "correspondence", "diaries", "personal narratives" au "sources", ndo maneno wakutubi wanayotumia kuonyesha kwamba humo ndani wanaongea waliokuwepo wenyewe. Watu wanamaliza digrii hawajawahi kuambiwa hili, inaniuma kwa kweli.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya hakimiliki: kuna vitabu mtu aliye Marekani anavisoma vizuri tu na wewe wa nje umefungiwa, na vingi huwezi kudaunlodi kitabu kizima kama chuo chako si mwanachama, unabaki kuchukua ukurasa mmoja mmoja. Ukikwama hapo angalia Internet Archive, maktaba nyingine ya bure mtandaoni, mara nyingi kitabu kilekile kipo na kinashuka chote.

Pia yale maandishi unayosachi yamesomwa na kompyuta kutoka kwenye picha, inakosea. Vitabu vya karne ya 18 vina s ndefu inayofanana na f, kwa hiyo neno lenye s usipolipata liandike kwa f, linatokea. Na usinukuu yale maandishi ya kompyuta hata siku moja, fungua picha ya ukurasa wenyewe usome, uangalie na ukurasa wa jina kama ni chapa ya kwanza au ya baadaye, maana tarehe ya kwenye katalogi saa nyingine sio yenyewe.

Barua za mkono ambazo hazijawahi kuchapwa usizitafute huku sana, hizo ziko kwenye hifadhi za nyaraka. Huko muulize mkutubi mwongozo wa mkusanyiko, unaonyesha boksi gani lina nini, uusome kabla hujafunga safari.