Waya wa shaba uliopakwa bati: miezi 14 kwenye boti yangu ya Kayenze

Boti yangu ni ya mbao, urefu mita tisa, inabeba abiria na mizigo kati ya Kayenze na kisiwa cha Bezi, Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Nalisema hili mapema ili ujue waya wangu unafanya kazi wapi: maji ya ziwa, si ya chumvi, mashine inatetema kutwa nzima, na kuna pampu moja ya kutoa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti, ambayo ikigoma, tunashika ndoo.

Na ndoo tulizishika. Usiku mmoja wa upepo pampu ilikuwa inanguruma lakini maji hayapungui. Betri niliichaji mchana huohuo. Tulikumba maji mpaka tunafika Kayenze, kina mama wamepakata watoto juu ya magunia, na mimi sikuwa na la kuwaambia. Sitausahau usiku ule.

Asubuhi nilimleta mzee mmoja wa Kirumba, fundi umeme wa magari. Aliweka mita kwenye betri, ikasoma volti 12.4. Akaenda nyuma kwenye pampu, ikiwa inazunguka, mita ikasoma 10.1. Akanitazama, akasema, "Ng'wanawane (mwanangu), umeme wako unachoka njiani."

Betri yangu inakaa mbele, kwa sababu mashine inalemea nyuma. Kutoka betri hadi pampu ni mita 7, na waya uliokuwepo ulikuwa fleksi ya milimita za mraba 1.5 niliyouziwa kama shaba tupu, kwa bei ya shaba. Mzee alikata kipande akakikwangua kwa kisu. Juu chekundu, ndani cheupe. Alumini iliyovishwa shaba! Kwenye maungio kulikuwa na unga mweupe, na nyuzi nyingine zilikatika nilipozigusa tu kwa kidole. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na maji yakiingia pale inapokutana na shaba, inaoza haraka.

Ndipo nikaagiza Dar es Salaam waya wa boti, wa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi umepakwa bati. Ulikuja na basi, na nililipa zaidi ya mara mbili ya bei ya fleksi. Nilipoufungua, kijana wangu wa boti alishtuka: "Bosi, si mweupe huu? Wametupiga tena." Ana haki ya kushtuka, maana kwa jicho unafanana na alumini. Kwangua uzi mmoja: wa bati ni mweupe juu na mwekundu ndani, kinyume kabisa cha ule wa kwanza. Ukitaka uhakika zaidi, shika roli mbili za unene mmoja na urefu mmoja. Ya alumini utaibeba kama mkate.

Unene nilikokotoa mwenyewe, na naomba kila mwenye boti afanye hivyo kabla ya kwenda dukani. Chukua urefu wa kwenda na kurudi. Kwenye gari bodi ndiyo hasi, kwa hiyo mara nyingi unavuta waya mmoja. Kwenye boti ya mbao umeme hauna pa kurudia, lazima uvute miwili. Kwangu ni mita 14. Zidisha kwa ampea, pampu yangu inakula 6. Zidisha tena kwa 0.0175, ambayo ni ukinzani wa shaba. Unapata 1.47. Sasa gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba: wa 1.5, hata ungekuwa shaba safi, unapoteza karibu volti 1 nzima. Wa 2.5 unapoteza karibu 0.6. Wa 4 unapoteza 0.37. Wa 6 unapoteza 0.25. Kwa vitu vya usalama wataalamu wa boti wanataka upotevu usizidi asilimia 3, yaani 0.36 kwa volti 12. Wa 4 ulivuka mpaka kidogo, nikachukua wa 6. Uwe macho na waya wenye vipimo vya Kimarekani: huko namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Namba 10 yao ni kama 5.3 yetu.

Tulipomaliza, mita kwenye pampu ilisoma 12.1. Nilisikia tofauti kabla ya kuiona. Pampu ilibadilisha sauti, na maji yakaruka nje kwa nguvu.

Sasa ukweli wa pesa. Bati lenyewe ni zuri. Mwezi uliopita nilikata ncha moja, miezi 14 tangu nifunge, na nyuzi bado zinang'aa hadi ndani ya ganda. Lakini ziwa letu halina chumvi. Anayevua Mafia au Tanga asifikirie mara mbili, anunue wa bati. Mwenye boti wa Mwanza ambaye mfuko umebana, namshauri kwanza atafute shaba ya kweli, yenye nyuzi nyingi na unene wa kutosha, ndipo afikirie bati. Waya wa nyumba ule wa uzi mmoja mgumu, usiufunge hata kama umepewa bure. Mtetemo utaukata ndani ya ganda na hutaona kitu.

Nina lawama mbili kwa waya huu. Maandishi kwenye ganda yalifutika mapema, kiasi kwamba sasa siwezi kusoma kiwango cha joto. Na lagi (vichwa vya kubana kwenye ncha za waya) zilizopakwa bati za kuendana nao nilizikosa hapa mjini, nikasubiri tena basi. Nilishawishika kuchomelea ncha kwa risasi, mzee akanikatalia: risasi inaufanya waya uwe mgumu pale inapoishia, na hapo ndipo unapokatikia. Tulibana kwa koleo la lagi, tukavisha mpira wa kubanwa kwa moto wenye gundi ndani. Fyuzi tukaiweka karibu na betri, chini ya sentimita 18, kwa sababu inalinda waya wote unaoifuata. Ukiiweka kule kwenye pampu, shoti ikitokea katikati ya boti hakuna cha kuizuia.

Kipande kilichobaki nimekifunga kwenye taa za gari langu, Noah, mbali na mashine, kwa kuwa sina hakika tena na joto lake. Taa zimeongezeka mwanga. Kwa boti ya pili, ambayo mafundi wanaichonga sasa, nimeshaagiza mita 30 za waya huuhuu, na safari hii lagi nimeziagiza pamoja.