Kliniki ya macho ya watoto, Dar: wanapima kwanza, tarehe ya upasuaji baadaye

Nyota nne. Ya tano imeliwa na dirisha la malipo, nitafika huko.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro mjini. Kijana wangu anakaribia miaka minne, na kope lake la juu, jicho la kushoto, limelegea tangu azaliwe. Hospitali wanaita tosisi. Mtaani wenzake wanamwita Usingizi, na wakubwa wananiuliza alianguka wapi. Hakuanguka. Msuli wa kuinua kope haukukomaa tangu tumboni, una nyuzi ngumu mahali ambapo ilitakiwa kuwa na nyama ya kuvuta.

Jina la hospitali sitaliweka, kwa sababu nitasifia chumba kimoja na kulalamikia kingine, na kuna nesi pale sitaki aitwe ofisini kujieleza. Ni hospitali kubwa, Dar. Kutoka kwetu kwa treni ya SGR unafika mapema na mtoto hajachoka, na hilo si dogo, maana mtoto aliyechoka hapimiki.

Kabla ya hapo tulipita kliniki binafsi ambako daktari alimtazama mtoto akiwa mapajani kwangu, akasema wiki ijayo apasuliwe, msuli ukazwe, kisha karatasi ya bei ikaja. Hakuna aliyempima chochote. Mimi hata kaptula ya shule siikati bila kupima, nikaichukua karatasi yangu nikaondoka.

Huku Dar kitu cha kwanza daktari alichotoa mfukoni ni rula. Alimbonyeza mtoto juu ya nyusi kwa kidole gumba, ili paji la uso lisimsaidie, nesi akawa anachezesha mwanasesere chini kabisa, halafu juu kabisa, na daktari akasoma kope limesafiri kiasi gani. Kulia lilipita milimita kumi na mbili. Kushoto, tatu. Akarudia, maana kijana aliona rula ni ya kutafuna. Nilisogea nikaangalia mwenyewe, macho yangu yanashinda kwenye tepu, na kweli zilikuwa tatu.

Sasa hapo ndipo nilipoelewa kwa nini karatasi ya bei ya kule haikuwa na maana. Kope likisafiri milimita tano hadi kumi hivi, msuli wake una nguvu ya kutosha, unaweza kufupishwa ukafanya kazi. Likiwa chini ya nne, kuufupisha ni kupoteza muda. Kinachofanyika ni kulifunga kope kwenye misuli ya paji la uso: utepe mwembamba unapitishwa chini ya ngozi, kutoka ukingo wa kope hadi juu ya nyusi, ili mtoto akiinua nyusi na kope lifuate.

Akampa biskuti. Nikadhani ni ya kumbembeleza, kumbe anaangalia kama kope linaruka wakati anatafuna. Wapo watoto ambao mishipa ya fahamu ya taya na ya kope imeunganika vibaya, akinyonya au akitafuna jicho linafunguka ghafla, na hao upasuaji wao unapangwa tofauti. Wetu hana. Akauliza kama jioni linalegea zaidi kuliko asubuhi, akaomba picha za uchanga nilizonazo kwenye simu, akalinganisha ukubwa wa mboni mbili. Yote ni kuhakikisha si ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya kope.

Lakini muda mrefu zaidi waliutumia kwenye kuona kwenyewe, na hii ndiyo sababu hasa naandika. Walimtia matone ya kupanua mboni (alilia, jiandaeni), wakamwangalia kwa taa, wakakuta konea ya kushoto, kile kioo cha mbele cha jicho, imepinda, kwa hiyo picha inaingia imevurugika. Kope linalolalia jicho linaweza kufanya hivyo. Daktari akaniambia: "Mama, ubongo wake bado unajifunza kuona mpaka kama miaka saba, nane. Jicho linalouletea picha mbovu unaliacha. Mimi naweza kuinua kope, siwezi kuuinua uoni ulioachwa." Kwa hiyo dawa ya kwanza ikawa miwani, na kufunika lile jicho zima, la kulia, kwa muda wa saa mbili kila siku ili lile vivu lifanye kazi.

Kama kope lingekuwa limeziba mboni moja kwa moja, alisema, wasingengoja hata akiwa wa miezi. La kwetu linakata sehemu ya juu ya mboni, na kijana anainua kidevu ili aone kwa chini. Mwalimu wake wa chekechea alikuwa anamshusha kidevu kwa mkono, kaa vizuri, kaa vizuri. Daktari akaandika barua fupi ya kupeleka shule: aachwe, asimame anavyotaka, akae mbele. Kidevu kikiinuka maana yake jicho bado linatumika. Siku akiacha kukiinua na kope bado liko pale pale, hapo mlete mbio. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kutuambia hivyo, na ni kitu ambacho mzazi yeyote anaweza kukiangalia nyumbani bure.

Kuhusu kuamua sasa. Baba yake yuko Dodoma kikazi, tukampigia, na daktari alikaa akasubiri mtandao urudi. Mambo yalikuwa matatu.

Utepe wa nini? Wa silikoni unawekwa hata kwa mtoto mdogo na unaweza kurekebishwa, ila unaweza kulegea na miaka, au kuingiwa na usaha ukatolewa. Mwingine ni utando wa mtoto mwenyewe unaochukuliwa pajani. Huo unashikamana na mwili na hudumu zaidi, ila paja liwe limekua vya kutosha, kuanzia miaka mitatu hivi kwenda juu, na anabaki na kovu mguuni. Sisi umri umefika, tukachagua wa pajani. Mama mkwe hajapenda, anasema jicho liumwe mguu ukatwe? Nimemwachia baba yake amweleze.

Jicho moja au yote mawili? Hili hatukulitegemea. Baadhi ya madaktari wanapendelea kugusa pande zote, kwa sababu mtoto akiwa na jicho zima upande mmoja hana sababu ya kuinua nyusi za upande mwingine, na macho yanaweza yasilingane. Daktari alilieleza bila kutusukuma. Baba yake akajibu kabla sijafungua mdomo: jicho zima lisiguswe. Nami niko naye. Tunajua tunaweza kupata macho yasiyolingana sawasawa, tumekubali.

La tatu ni yatakayobaki. Hakutupamba. Jicho halitafumba vizuri usingizini, hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo mafuta ya macho kila usiku na matone mchana, vinginevyo konea inakauka na kupata vidonda. Akiangalia chini, kope litachelewa kushuka, weupe utaonekana. Na anaweza kuhitaji kurudiwa akikua. Mtu akikuahidi jicho jipya kabisa, muulize atalipatia wapi msuli.

Haya, dirisha la malipo. Liko jengo jingine. Unalipia kadi, unarudi, unaambiwa matone yanalipiwa peke yake, unaenda tena, na mboni za mtoto zimeshapanuka, jua la Dar linamchoma, amejificha kwenye kanga yako. Bima walisema inapita, halafu haipiti, halafu inapita. Faili letu lilipotea siku moja, vipimo vingebidi virudiwe, bahati nzuri nesi niliyemtaja alikuwa amenakili milimita kwenye daftari langu la kliniki. Tangu hapo kila namba naomba iandikwe kwangu pia. Fanyeni hivyo.

Duka la miwani la ndani lina fremu za watu wazima zilizopunguzwa mikono. Waliniambia laki moja na ishirini. Nikaenda na karatasi ya vipimo Kariakoo, nikapata ya mtoto, laini, kwa elfu hamsini na tano, nikaishonea kamba ya lastiki nyuma mwenyewe, haidondoki hata akikimbia. Ila kifuniko cha jicho msishone. Nilikuwa nimeshaandaa kizuri cha kitambaa cha kuvalisha kwenye kioo, chenye samaki, nesi akacheka: "Dada, atachungulia kwa juu." Na kweli alichungulia. Plasta inayobandikwa kwenye ngozi ndiyo inayofaa, mbandikie wakati wa katuni.

Uamuzi wetu basi: miwani na plasta kwanza, apimwe uoni tena, na upasuaji wa jicho moja kwa utando wa pajani wakati wa likizo ndefu ya shule. Tarehe wameshaandika. Karatasi ya maandalizi imeandikwa vizuri, kwa saa za kawaida za ukutani, chakula cha mwisho lini, maji ya mwisho lini, mpaka mama asiyesoma sana ataelewa. Akiwa na mafua asiletwe, dawa ya usingizi na kifua kibovu haviendani.

Ningempeleka mtu huko? Ndiyo, na maji, kofia ya mtoto, na hela ndogo ndogo za lile dirisha. Kama una haraka ya kupewa jibu siku hiyo hiyo, utaondoka umekasirika.

Mliokwisha kufanyiwa kwa utando wa pajani, niambieni: mguu ulimuuma muda gani, na alianza kukimbia lini? Wangu hakai chini.