Droni ya taimulapsi: nunua itakayovuka wakati wa magharibi kwa betri moja

Ukimuuliza muuza duka droni ipi inafaa kwa taimulapsi, yaani picha nyingi zilizopigwa kwa zamu na kuungwa kuwa video inayoharakisha muda, atakuonyesha megapikseli. Mimi nakuomba uanze na saa. Huku kwetu karibu na ikweta giza halichelewi: jua likizama Dar es Salaam au Mombasa, baada ya dakika 20 na ushei ni usiku. Katika muda huo mfupi ndipo anga hubadilika rangi, taa za barabarani huwaka na magari huanza kuchora mistari ya mwanga. Ukianza kupiga dakika kumi kabla ya jua kuzama na kumaliza taa zikishashika, unahitaji droni iliyoelea mahali pamoja kwa nusu saa hivi. Ukishuka katikati kubadilisha betri, ukirudi juu hutapata kona ileile, na mtazamaji ataona picha imeruka.

Nusu saa hiyo, kwa picha moja kila sekunde 3, inakupa picha 600. Ukiziunga kwa fremu 25 kwa sekunde, unapata video ya sekunde 24. Hiyo ni taimulapsi nzuri sana.

Sasa soma boksi kwa makini. Dakika zilizoandikwa kwa herufi kubwa ni za kuruka kwa mwendo wa wastani, hewa ikiwa shwari. Kuelea palepale kunakula betri zaidi. Mini 4 Pro ya kampuni ya DJI, kwa mfano, imeandikwa dakika 34, lakini za kuelea ni 30, tena bila upepo. Toa robo ya kurudia nyumbani, umebaki na 22. Magharibi yamekushinda. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyozipanga hizi, na zote ni za DJI kwa sababu ndizo nilizozizoea na ndizo ambazo vipuri vyake naona ni rahisi kuvipata.

Ya kwanza ni Air 3S, iliyotoka Oktoba 2024 kwa dola 1,099. Inaelea dakika 41 kwenye karatasi, hivyo nusu saa ya kweli inapatikana. Ina gramu 724 na imetengenezwa kuhimili upepo wa mita 12 kwa sekunde, jambo ambalo mtu wa pwani atalithamini kusi ikianza kuvuma. Kihisi chake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ni cha inchi moja na kinashika giza vizuri. Zile dakika kumi za mwisho, ambapo droni ndogo hujaza picha chengachenga, hapa bado anga inabaki safi. Ina pia lenzi ya pili ya kuvuta, ya milimita 70, inayofaa sana kwa mawingu yanayopita juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, au jua linalozama nyuma ya majengo. Kama bei inakubana, tafuta Air 3 ya 2023 iliyotumika. Inaelea dakika 42, ila kihisi chake ni kidogo zaidi, basi usiitegemee sana baada ya taa kuwaka.

Ya pili ni Mini 4 Pro, lakini kwa sharti moja: nunua na betri kubwa iitwayo Plus. Kwa betri hiyo muda wa kuelea unafika dakika 39. Uzito unapita gramu 249 ambazo wauzaji huzisifia, na mimi naona si hasara, kwa sababu droni nzito kidogo hutulia zaidi. Ina haipalapsi, yaani taimulapsi ambayo droni huipiga na kuiunga yenyewe hata ikiwa inasogea, ya aina zote nne, na inakumbuka njia iliyopita, kwa hiyo unaweza kurudia safari ileile asubuhi, mchana na jioni kisha ukaziunganisha. Udhaifu wake ni upepo. Niliwahi kuipeleka Bagamoyo mwezi wa Julai kupiga mashua zikirudi. Kwenye simu ilionekana imetulia kabisa, lakini nilipozipanga picha kwenye kompyuta upeo wa bahari ulikuwa unayumba kama mtu aliyemo chomboni. Programu ya kutuliza video ilisaidia, kwa gharama ya kukata kingo zote nne.

Mavic 3 Classic ningeiweka ya kwanza kwa ubora wa picha peke yake. Kihisi chake ni kikubwa kuliko cha Air 3S, inaelea dakika 40, na tundu la lenzi unaweza kulifungua na kulifunga kutoka f/2.8 hadi f/11. Lakini ilipotoka mwaka 2022 bei yake ilikuwa dola 1,469 bila rimoti. Inunue kama kuna anayekulipa: mkandarasi anayetaka ujenzi wake uonekane ukikua, au hoteli.

Mavic Air 2 ya 2020 ndiyo ninayompendekezea anayeanza na pesa ya kuunga. Haipalapsi ipo, inaelea dakika 33, ila kwa iliyotumika usiamini neno la mtu. Fungua ukurasa wa betri ndani ya programu uone imechajiwa mara ngapi, ipapase kama imevimba, na muuzaji aitoe droni kwenye akaunti yake mbele yako. Niliwahi kulipia betri tatu nikagundua nyumbani kwamba moja tu ndiyo nzima.

Mini 3 ya kawaida haina haipalapsi. Inaweza kupiga picha kila sekunde 2 na wewe ukaziunga mwenyewe. Kwa kujifunzia inatosha. Vidroni vya bei ya kutupa visivyo na GPS wala gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera, viache kabisa.

Tenga pesa ya filta za ND, vile vioo vyeusi vya kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi. Jua likiwa bado juu, lenzi ya f/1.7, yaani yenye tundu kubwa, inalazimisha kila picha ipigwe kwa kasi mno na magari yanaonekana yakidunda badala ya kutiririka. ND64 ni ya kuanzia. Ukifika juu, funga mizani ya rangi na fokasi zisibadilike zenyewe, na kwenye mipangilio ya haipalapsi washa kuhifadhi picha asili za RAW, maana usipowasha unabaki na video peke yake.

Kabla hujalipa chochote, zungumza na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kama uko Tanzania au KCAA kama uko Kenya, kuhusu kuingiza, kusajili na kurusha. Usidhani udogo wa droni unakusamehe. Hifadhi za taifa zina kibali chake peke yake. Na pantoni za Magogoni, Dar es Salaam, zinavyopendeza jioni, zinapita jirani na Ikulu, hapo usirushe.

Kama unachokitaka hasa ni maji kujaa na kupwa, usinunue droni. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa sita hivi, na hakuna betri hapo juu inayofika hata saa moja. Nunua stendi imara, pauabenki, na utumie simu uliyonayo.